Namna ya Kuwa Mjuzi wa Schubert Ukiwa Isevya, Tabora

Kwanza acha kusema "wimbo". Sonata haina mwimbaji, na jirani akiuliza anaimba nani, mtazame kwa huruma, kama mgeni aliyeulizia ufukwe wa Tabora.

Kisha chagua kazi za mwishoni. Za ujanani hazikupi heshima barazani. Sonata 3 za mwisho za Beethoven ni za 1820 hadi 1822. Za Schubert, 3 vilevile, ni za 1828, mwaka aliokufa na miaka 31. Kwa hiyo popote piano inapopigwa polepole, shusha pumzi useme: "Hapa ameshaliona kaburi." Hakuna atakayebisha, maana hakuna atakayejua pa kuanzia.

Sasa kazi yenyewe. Weka ile ya mwisho kabisa, D. 960, mpigaji Sviatoslav Richter. Sehemu ya kwanza peke yake inakaribia dakika 25. Wageni wataanza kuaga, wazuie. Waeleze kwamba Schubert ameagiza mpigaji arudi mwanzo, na akaandika hatua chache za muziki ambazo husikika kwa anayerudi tu. Humo ule mtetemo wa besi, ambao mwanzoni ulinong'ona, unanguruma. Richter anarudi. Mpiga piano mwenzake Alfred Brendel alikataa, akajitetea hadharani. Hapo kunja uso: aliyeruka marudio ameuruka mngurumo! (Siri yetu: Brendel naye ni mtamu. Usiseme.) Anayelalamikia urefu mkumbushe kwamba msafiri Stanley mwaka 1871 alitembea takriban miezi 3 toka Bagamoyo hadi Unyanyembe, huku kwetu Tabora, na waliobeba mizigo hawakuwa yeye.

Ukitaka kutisha zaidi, mtaje mpiga piano Artur Schnabel, wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, London, kati ya 1932 na 1935. Santuri za wakati ule zilichukua kama dakika 4 kila upande, hivyo msikilizaji aliinuka kugeuza katikati ya utulivu.

Hapa jihadhari na wazee wa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora. Hawa wamekulia kwenye santuri za bendi ya Tabora Jazz. Kugeuza sahani katikati ya muziki hakuwashangazi hata kidogo. Upande huu maneno, upande wa pili chemko, magitaa yanaachiwa. Mzee wa namna hiyo ataielewa hoja ya marudio kabla hujaimaliza, kisha atakueleza kwa nini solo ya kwenye santuri haifikii ile aliyoisikia ukumbini. Usimruhusu aendelee, utashushwa cheo mbele ya wageni wako.

Atauliza tu: "Haya mwanangu, chemko lake liko wapi?"

Usitapetape. Toa Schubert, weka sonata ya Opasi 111 ya Beethoven, sehemu ya pili, uipeleke mpaka badiliko la tatu, pale mdundo unaporukaruka kama jazi iliyozaliwa kabla ya wakati wake. Halafu sogeza meza, mzee apate nafasi.