Yah: Ombi la Kufungiwa Mita ya KUKU, Bariadi

Kwa: Shirika la Umeme
Nakala: Mkubwa yeyote mwenye jenereta

Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Kwenye risiti hupangwa nnenne, mafungu matano, ili jicho la mteja lipumue kidogo kabla ya kuendelea. Usiku kazi ya kuiingiza ina ugumu wake. Tokeni imo ndani ya simu, na tochi ni simu hiyohiyo: mteja akimulika mita haoni namba, akisoma namba haoni mita. Ndiyo maana Bariadi nzima shughuli hii hufanywa na watu wawili. Mtoto hutaja, mzazi hubonyeza. Mtoto akisema tatu mzazi husikia tano, mita hukataa, na watu wa nyumba moja hununiana hadi asubuhi.

LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina hilo ni kweli hadi kwenye neno la kwanza. Katika kulipisha, mfumo hauna mpinzani. Mteja wa daraja la chini, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Juu yake huja asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti, jumla shilingi 122. Wa daraja la juu yake huanza na 292 akaishia 356 na senti 24. Senti hizo hazisahauliki. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo, kila mwezi. Mfumo unaomkumbuka mwenye nyumba wa Somanda kwa usahihi wa namna hiyo haujapata kukumbuka kumwambia kwamba kesho saa nne asubuhi umeme utaondoka, wala utarudi lini.

Mwaka 2024 mteja alipewa mtihani mwingine. Mita za aina hii, Tanzania na kwingineko duniani, zilikuwa zikihesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo zilihitajika tarakimu 60 badala ya 20: tokeni mbili za kuifundisha mita hesabu mpya, na ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Wateja waliziingiza zote sitini. Mita zikafundishika. Nguzo hazikufundishwa chochote.

Kuhusu sababu za kukatika, zamani lawama ilikuwa ya mvua na neno lilikuwa mgao. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, ya kwanza ikianza kazi Februari 2024. Mgao ukastaafu, hitilafu ikaajiriwa mahali pake, na mshahara ni uleule. Simiyu ulipokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 ukawa mkoa kamili, ulipewa mkuu wa mkoa na makao makuu Bariadi, lakini umeme uliendelea kwa miaka kuletwa kutoka kwa mama yake kwa laini ndefu. Umeme unaosafiri mbali kwa msongo mdogo hupungua njiani. Ukifika Bariadi umechoka kama abiria wa basi la Dar es Salaam: taa huwaka rangi ya ndizi mbivu, na mashine ya kusaga hunguruma bila kusaga. Baada ya hapo kinahitajika kitawi kimoja tu, au wingu lenye nia mbaya.

Hasara hutofautiana kwa bidhaa. Maswa hutengeneza chaki, na chaki huvumilia giza. Meatu husindika maziwa, na maziwa hayavumilii. Wasukuma wa zamani walijua walifanyalo walipokausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa: ni chakula kisichohitaji friji wala kuombwa radhi.

Yai ndilo linalohitaji maelezo zaidi. Katika mashine ya kutotolesha, yai la kuku hukaa siku 21 kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Siku ya 18 kifaranga kimeshakamilika, kina manyoya, kina mdomo. Umeme ukiondoka saa mbili usiku na kurudi saa nne asubuhi, mayai hupasuliwa siku tatu baadaye, na kilichomo huonekana wazi kwamba kilikuwa kinajiandaa kutoka. Hicho ndicho Shirika hukiita usumbufu. Usumbufu ni inzi. Vifaranga mia mbili waliofia ndani ya maganda ni ada ya shule, ni mkopo wa kikundi, na anayewamwaga shimoni alilipa kabla, hadi senti, na hakuna atakayemrudishia hata shilingi mia. Uniti zikimwishia yeye, mita humkatia palepale, usiku wa manane, mgonjwa akiwa ndani, na haimwombi radhi.

Hata hivyo Shirika ni mali ya wananchi, na ombi hili linaletwa kwa heshima zote.

Linaombwa lifunge mita ya pili kando ya ile ya LUKU. Mita hiyo itaitwa KUKU, yaani Kata Umeme Kadiri Ulipiavyo. Shirika halitakata umeme wa mtaa wowote kabla ya kununua uniti za giza kutoka kwa wakazi wake, uniti moja kwa saa moja. Bei imewekwa ya kizalendo: shilingi 100, pamoja na asilimia 18 ya samaki waliooza, asilimia 3 ya mishumaa na asilimia 1 ya mdhibiti wa mishumaa. Ofisa wa zamu akitaka kukata ataenda kwa wakala. Wakala atamwambia mtandao unasumbua, arudi baadaye. Akirudi, wakala ameenda mnadani. Atalipa kwa simu. Hela itakatwa na tokeni haitakuja. Atapiga huduma kwa wateja, atabonyeza moja, atasikilizishwa muziki. Tokeni ikifika, mita yenyewe itakuwa nyumbani kwa bibi mmoja, stoo, nyuma ya magunia ya pamba, na bibi huyo hulala mapema na ana mbwa. Ofisa ataingiza tarakimu 20 akiwa amebana simu kwa meno. Akikosea ataanza upya. Akikosea tena, mita itamsubirisha. Akipatia, giza litaingia, na wakazi watamtumia ujumbe wa kumwomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Uniti zikiisha, hata kama fundi hajashuka ngazi kwenda kunywa chai, umeme utarudi wenyewe. Nguzo ikianguka kweli, Shirika litaruhusiwa kukopa giza. Deni litakatwa kidogo kidogo kila linaponunua jingine, kwa utaratibu uleule wa kodi ya jengo.

Maombi madogo yanafuata. Tangazo la katizo lifike kabla ya katizo. Umeme unaporudi uingie kwa adabu, kwani televisheni za Bariadi hazijamkosea mtu. Siku ya Simba na Yanga hitilafu isogezwe mbele kwa dakika 90, na za nyongeza kama zipo. Neno hitilafu lipewe likizo yake ya mwaka.

Wateja wa Bariadi, kwa niaba ya mayai.

Viambatanisho: risiti ya LUKU, moja. Trei ya mayai 30, siku ya 19, moja. Ipokelewe mapema, inapoa.