Risasi Isiyolia

Boise, Idaho, Machi

Mjomba uliyeko Mkata,  Shangazi wa Mombo namsalimu humu humu, maana barua ikifika Handeni haichelewi kusomwa Korogwe.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, wote, hata ile sehemu ya mwisho uliposahau kuzima simu ukamwambia mkeo kwamba vijana wakifika Marekani mikono huwa mifupi. Nimesamehe. Ombi lako nimelielewa: nikutumie risasi zisizolia, uwamalize nyani wa kwenye mahindi kabla mwenyekiti wa kitongoji hajajua kinachoendelea. Jibu ni hapana. Lakini mjomba hajibiwi kwa neno moja, kwa hiyo kaa chini nikueleze.

Kwanza ni kweli: risasi hizo zipo, na mimi huzibeba. Ila usidhani ranchi ninayofanyia kazi ni kama ya Mzeri, ambako mtu hulala akiwaza chui na wezi wa mifugo. Hapa adui ni kindi wa ardhini, kimnyama cha kuenea viganjani, ambacho husimama wima mlangoni mwa shimo lake, mikono kifuani, kama balozi wa nyumba kumi anayesubiri mgeni ajitambulishe. Huibuka kuanzia Februari theluji ikiyeyuka, hula majani ya alfalfa yaliyopandwa kwa ajili ya ng'ombe, huzaa, hunenepa, na kufika Julai ameshashuka chini kulala hadi mwaka mwingine. Mimi nimeomba likizo ya wiki moja, nikaulizwa nina matatizo gani nyumbani.

Hasara yake si ya majani peke yake. Malisho yanajaa mashimo. Farasi akikanyaga vibaya mguu umekwenda, na farasi aliyevunjika mguu huku habari yake huwa fupi. Ndiyo maana bosi, mzee wa Kizungu ambaye kwa siku nzima husema maneno machache, akifika kwenye habari za kindi hugeuka mhubiri.

Basi akanituma dukani. Duka lenyewe linauza chakula cha mbwa, ndoana, mabuti na risasi, vyote chini ya paa moja. Nikauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu ya mtu aliyekulia mahali ambapo neno risasi husemwa kituo cha polisi. Muuzaji akanijibu kwa sauti ya mnada, watu wote wakisikia: "Unataka za kupigia nini?" Nikageuka kuangalia kama kuna askari. Alikuwepo, Mjomba. Alikuwa ananunua chakula cha mbwa.

Risasi yetu ni ya .22. Ni ndogo: upana wake milimita tano na nusu hivi, kichwa chake gramu mbili na nusu. Aina hii ilianza 1887, wakati Korogwe bado inasubiri treni, ambayo ilifika 1902. Nikadhani risasi ndogo ni risasi ndogo tu, nichukue kopo niondoke. Kumbe rafu nzima ni ya hiyo moja, na kila kopo lina tabia yake.

Bosi alinieleza hivi. Bunduki ina kelele mbili. Ya kwanza ni ya moshi wa baruti unaofumuka mdomoni mwa mtutu. Ya pili ni ya risasi yenyewe. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi ikienda kasi kuliko hapo, hewa inapasuka njiani, pwaa, na mlio huo huifuata risasi shamba zima. Risasi za .22 zenye kasi hupita mita 370 kwa sekunde, kwa hiyo hulia. Zile za taratibu huenda 320 hivi, zikabaki nyuma ya sauti, na kelele ya pili ikafa. Ipo nyingine, CCI Quiet-22, inayotengenezwa humu humu Idaho, mjini Lewiston, ambayo huenda mita 216 tu. Ukiwa mbali kidogo utadhani mtu amefunga mlango wa kabati.

Na baridi nayo imo. Hewa ikipoa, sauti hupunguza mwendo. Risasi ambayo adhuhuri ya Handeni ingepita kimya, asubuhi ya hapa yenye barafu inaweza kukaribia mwendo wa sauti ikaanza kulia. Ukimya nao una majira yake.

Sasa utasema: chukua iliyo kimya kuliko zote, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kila ukimya una bei. Ile ya mita 216, ikifika umbali wa mita 50 imeshashuka zaidi ya sentimita 25 kutoka usawa wa mtutu. Ile ya kasi imeshuka kama 9. Usipoirekebishia shabaha, kindi atakuangalia tu ukichimba udongo mbele yake. Pia bunduki zinazojipakia zenyewe hutegemea teke la risasi, na nyingi za kimya hazina teke hilo, kwa hiyo bunduki ya bosi ni ya kukoki kwa mkono kila mara. Kuna hata Colibri kutoka Mexico, haina baruti kabisa, husukumwa na fataki ya kitako peke yake. Katika bunduki ya mtutu mrefu inaweza kuishia humo humo ndani. Ukifyatua nyingine nyuma yake, hapo ndipo utasikia mlio.

Na kimya si upole. Kwenye makopo ya .22 wameandika onyo kwamba risasi inaweza kufika maili moja na nusu, yaani kilomita mbili na ushee. Ile ya taratibu ikipiga jiwe mara nyingi haipasuki, hudunda ikaenda inakotaka. Bosi hafyatui mpaka aone kilima au kichuguu nyuma ya kindi. Pima wewe, kutoka shambani kwako hadi zahanati, njiani kuna nyumba ngapi.

Kisha wakaingia tai. Kusini mwa Boise, kando ya Mto Snake, kuna eneo la hifadhi la ndege wawindaji, lililowekwa kisheria 1993, na wengi wa ndege hao chakula chao kikubwa ni hawa hawa kindi. Kindi aliyepigwa kwa risasi ya risasi, yaani ile ya madini yenyewe, huachwa na vipande mwilini. Tai akimla, anakula sumu. Dawa yake ni risasi ya shaba. Nikafurahi, nikaleta kopo la shaba. Kumbe shaba ni nyepesi, kwa hiyo wameipa kasi ya zaidi ya mita 560 kwa sekunde, na mlio wake ulimpeleka farasi upande wa pili wa uzio. Risasi inayomhurumia tai haimhurumii farasi.

Bosi akakata shauri: itumike ya taratibu, lakini mizoga yote iokotwe na kufukiwa kabla tai hajaiona. Wewe ni mtu mzima, Mjomba, unajua kazi ya kuokota amepewa nani. Nikimaliza napita na ndoo, tai juu wananizunguka, wananiangalia kwa macho ya watu walioibiwa.

Kilichonifunza zaidi sikukipata ranchini. Hapa Boise wapo Wazigua waliotoka Somalia, wale ambao wazee wao waliondoka kwetu karne ya 19 wakaishia Mto Juba. Marekani ilianza kuwapokea kwa maelfu miaka ya 2003 na 2004. Bibi mmoja wa kwao nilimsikiliza Kizigua chake nikajua nikitaka kudanganya nitumie Kiswahili. Nikamsimulia habari za risasi isiyolia. Akacheka, akauliza: "Sasa mnyama asiposikia, atajuaje kwamba amefukuzwa?"

Hapo ndipo penye jibu lako. Bosi wangu anataka kindi wasikimbie, kwa sababu wakikimbia wanaingia shimoni na kutoka tena kesho. Wewe unataka nyani wakimbie. Silaha yako ni kelele. Shangazi kwenye mpunga wa Mombo hajawahi kushika bunduki, na anaamia ndege msimu mzima: dungu, kombeo, debe la kugonga, na zile kanda za kaseti alizozitandaza juu ya mpunga, upepo ukivuma zinanguruma. Zile zilikuwa kaseti zangu za taarabu, sijasahau, lakini tuyaache. Ukimpiga nyani mmoja kimya kimya, wale wenzake walioko upande wa pili wa mahindi wataendelea kumenya. Hata lile gobore la jirani yako, lenye kupakiwa goroli na vipande vya nondo, kazi yake kubwa huwa ni moshi na kishindo. Nyani hajaanguka, lakini ujumbe umefika mpaka Kabuku.

Halafu kuna serikali. Posta ya Marekani haipokei risasi hata moja. Zikifika kwa miujiza, huko kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na nyani naye ana Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Utahojiwa mara mbili kwa mnyama mmoja. Nenda ofisi ya wilaya, muone afisa wanyamapori, na kabla hujaenda, acha kumtuma mke wako peke yake kulinda mahindi. Wewe na mimi tunajua nyani akiona mwanamke anaendelea kula. Akimwona mwanaume mwenye fimbo, hufikiria mara mbili. Nyani anataka wewe uamke saa kumi na moja, na nadhani ombi la risasi lilianzia hapo.

Nimetuma hela kidogo ya mbwa wawili wakali na debe jipya. Nimeituma kwenye simu ya shangazi, si yako. Ukikuta imepungua, malizaneni huko huko. Mimi msinipigie, huku ni usiku.

Mpwa wako, mwenye ndoo.