Saa Moja Tu ya Kufufua Sipiyu

Kompyuta ya mezani, ambayo wasomi wa Kenya huiita tarakilishi, jina linaloiongezea heshima bila kuiongezea kasi, haifi kama simu ya mkononi ifavyo. Simu huanguka, kioo kikapasuka na msiba wake ukajulikana siku hiyohiyo, ilhali kompyuta ya mezani hudhoofika polepole, huchukua robo saa kuamka, hufunikwa kitambaa cha kufuma na hatimaye hugeuka mahali pa kuwekea pasi, huku kila mtu nyumbani akiamini kwamba ni nzima na inasubiri fundi tu. Kusubiri huko ndiko kunakomzaa fundi wa nyumbani, yaani mtu aliyewahi kumtazama fundi wa kweli akifanya kazi, akaona kwamba muda mwingi fundi huyo alikuwa amekaa akinywa soda, akahitimisha kuwa kazi ni nyepesi. Mwandishi wa insha hii ni mmoja wa mafundi hao.

Kazi yenyewe mafundi wa mjini huiita "kupiga windo", maana yake kuufuta mfumo endeshi wa zamani, ile programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote pamoja na vifaa, na kuweka mpya. Jina hilo limetokana na Windows ya kampuni ya Microsoft na hutumika hata pale kinachopigwa si windo. Sanduku lililohusika hapa lilikuwa mali ya shangazi, na kama masanduku yote ya aina yake liliitwa sipiyu, ingawa sipiyu halisi ni kidude kidogo kuliko kiberiti kilichojificha ndani yake. Lilikuwa la kizazi cha Core 2 Duo, lina RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2, na lilikuwa likiendeshwa na Windows 7, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020. Windows 11 ilikuwa nje ya uwezo wake, kwa kuwa hutaka RAM ya gigabaiti 4 kwa uchache pamoja na TPM 2.0, kifaa cha kutunzia funguo za siri ambacho sanduku lile lilikuwa halijawahi hata kukisikia. Ikachaguliwa Linux Mint, mmojawapo wa mifumo iliyojengwa juu ya kiini alichokianzisha Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, kwa sababu ni ya bure na toleo lake la Xfce halina makuu. Shangazi aliarifiwa kwamba kazi ingechukua saa moja.

Mfumo wa namna hii hupakuliwa kutoka intaneti ukiwa faili moja la karibu gigabaiti 3, liitwalo taswira ya diski, ambalo halifai kunakiliwa kwenye flashi kama wimbo unavyonakiliwa (fundi wa nyumbani hulinakili hivyo mara ya kwanza, kisha akailaumu mashine), bali sharti liandikwe kwa programu maalumu ambayo kwanza huifuta flashi nzima. Programu hiyo huonya waziwazi kwamba kila kilichomo kitapotea, na onyo hilo hukubaliwa kwa wepesi uleule ambao watu hukubali masharti wasiyoyasoma. Flashi iliyopatikana ilitoka kwenye droo ya kabati la vyombo. Ilikuwa nyekundu, imefungiwa kipande cha kitenge ili isipotee, na yaliyokuwamo hayakuchunguzwa.

Sanduku lilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limeshikamana juu ya feni mfano wa blanketi la kijivu, na nyuma ya nyaya, mahali penye joto la wastani, palikuwa na mayai mawili meupe ya mjusi, madogo kama njugu, yamegandishwa kwenye bati kwa ustadi ambao mkono wa fundi wa nyumbani haukuwa nao. Vumbi liliondolewa kwa brashi ya kupakia rangi, mayai yakahamishiwa dirishani, na mashine, ambayo asubuhi ilikuwa ikiwaka ingawa kwa taabu, sasa ikalia pii pii bila kuonyesha chochote kwenye skrini. Milio hiyo ni lugha ya baiosi, programu ndogo inayokagua vifaa kabla mfumo haujaanza, na hapa ilimaanisha kwamba RAM haionekani. Dawa yake inajulikana kwa kila fundi: kuichomoa, kuyasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli na kuirudisha hadi isikike ikibana. Ufutio uliazimwa kwa mtoto wa jirani, naye akakaa mlangoni kuulinda.

Kuweka mfumo wenyewe hakuchukui zaidi ya nusu saa, na pengine hapo ndipo penye dhihaka kubwa, kwamba sehemu inayoogopwa kuliko zote ndiyo isiyo na mambo. Ilifika asilimia 87, na katika asilimia hiyo yuniti za LUKU zikaisha. Umeme ulipolipiwa na kurudi, mashine ilikuwa katika hali ambayo wanafiqhi wangeijadili kwa muda, kwani mfumo wa zamani ulikuwa umekwisha kufutwa na mpya haujakamilika. Kazi ikaanza upya.

Jioni ya siku ya tatu Linux ilifunguka, ila kivinjari kilikataa karibu kila tovuti kwa kisa kwamba vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Betri ya saa ndani ya mashine, aina ya CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, kama namba yake isemavyo, ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika kompyuta ilirudi kuamini kwamba ni tarehe 1 Januari 2007. Shangazi alipofafanuliwa jambo hilo alisema, "Basi iambie irudishe na bei ya sukari." Betri ilinunuliwa kwa fundi saa, tarehe ikarekebishwa, na tovuti zikafunguka zote.

Shangazi alivuta kiti, akapangusa miwani kwa upindo wa khanga, akaitazama skrini iliyong'aa na kusifu kwa dhati. "Haya, baba, Mungu akubariki," alisema. "Sasa niwekee ile sendoff ya dada yako. Imo kwenye flashi nyekundu, ile ya kwenye droo ya vyombo."