Jinsi ya Kumshirikisha Mgonjwa Bila Kumsikiliza

Ndugu mganga mfawidhi, hongera kwa kituo kipya. Azimio la Alma-Ata la 1978 linasema wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Haki tutaijadili siku nyingine. Leo tushughulike na wajibu, hasa ule wa kutia saini.

Anza na sanduku la maoni. Lipake rangi, lifunge kufuli, ulitundike mbele ya meza ya muuguzi anayelalamikiwa. Kalamu isiwepo. Ufunguo ashike mtu mmoja tu, na awe semina Morogoro. Siku likifunguliwa, mkakuta maganda ya karanga na kikaratasi cha “dirisha la dawa mnachelewa kufungua”, andika kwenye taarifa: maoni yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Kazi yenyewe ni kwenye kamati. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi, yenye wawakilishi wa wananchi, ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Usitetemeke: katibu ni wewe. Mwaliko utoke Ijumaa jioni, kikao kiwe Jumatatu asubuhi, na mpango uwe umeshachapwa na kupigwa muhuri. Karatasi ya mahudhurio izunguke kwanza, soda zifuate, bajeti ije mwisho, watu wakiwa wameanza kutazama saa.

Hata hivyo kuna mama mmoja atanyoosha mkono. Hakosekani. Huleta mjukuu kliniki kila mwezi, na atauliza kwa nini wazazi wanasubiri wamesimama juani wakati pale kibarazani palikuwa na benchi. Mjibu kwa adabu: “Shikamoo mama, hoja yako ni nzuri mno, tumeipokea.” Kisha ruka kwenda ajenda ya tatu, kiti cha kuzunguka cha ofisini. Usimwambie kwamba benchi liliondolewa kwenye zoezi la S tano, ule utaratibu wa Kijapani: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Siku ya kusasambua mlikuwa wataalamu watupu, na kwa macho ya kitaalamu benchi lilikuwa linaziba njia. Aliyelikalia na mtoto mwenye homa hakuulizwa. Picha za kabla na baada zilipendeza kweli.

Kikifungwa kikao, andika kwenye muhtasari: “Wajumbe walishirikishwa kikamilifu.”

Tatizo litakuja pale huyo mama atakapokataa kalamu na kuomba kwanza asomewe mpango wote, ukurasa kwa ukurasa. Hapo mwongozo huu hauna la kukusaidia. Yeye ni mjumbe halali, na kuusikia mpango kabla ya kuupitisha ndiyo kazi aliyochaguliwa kuifanya. Msomee.