Kabureta Imenivua Nguo Malaba

Jirani, ukisikia kitu kinapiga risasi asubuhi pale Burumba, hapa Busia, usijifiche chini ya kitanda. Si majambazi. Ni mimi naenda kazini. Ama tuseme najaribu.

Nina Toyota DX. KE70, injini ya 4K. Namba yake haijafika hata KAA, na KAA ilianza 1989. Watoto wa shule wakiiona wanapunga mkono kama wameona treni. Niliinunua Eldoret kwa mzee mmoja aliyeniambia gari ni safi, inataka tu kumzoea mwenyewe. Miezi minne sasa. Bado tunasalimiana.

Eldoret ilikuwa inakimbia, haki ya Mungu. Nikashuka nayo Webuye, Bungoma, bado iko poa. Kufika Busia ikaanza kikohozi. Ukikanyaga mafuta inafikiria kwanza. Halafu pah! Sailensi haina kabisa. Ukisimama kumpisha mbuzi inazima, na mbuzi anageuka kukuangalia.

Nikaipeleka kwa fundi wangu. Karakana yake ni mwembe mmoja na gunia. Akafungua boneti, akasikiliza, akasema: "Mzee, hii kabureta bado iko Eldoret." Nikachungulia. Si iko hapa? Mimi naiona! Akanieleza polepole, vile nesi anaeleza mgonjwa. Eldoret iko juu, kama mita 2,100, hewa ya huko ni nyepesi. Yule mzee wa Eldoret akawekewa jeti ndogo, petroli ikapunguzwa ilingane na ile hewa. Busia tuko chini, kama mita 1,200, hewa ni nzito, lakini petroli imebaki ile ile ya kuonja. Injini inataka karibu kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Yangu inashiba upepo.

Nikatingisha kichwa kama msomi. Kitu kimoja tu ndicho kiliingia: kumbe hewa iko na kilo. Hii miaka yote napumua na hakuna mtu ameniambia kuna kupimiwa.

"Tutabadilisha jeti, halafu nitaituni. Leta mia nane."

Mia nane! Kuzungusha skurubu? Nimemwona akizungusha. Hata mimi Mungu alinipa mikono. Nikaenda nyumbani, nikachukua bisibisi ya mama watoto, ile ya kufungulia redio.

Sasa sikiliza, usifanye kama mimi. Ile skurubu ya mikscha unaifunga pole pole mpaka iguse tu. Halafu unairudisha kama mzunguko mmoja na nusu, injini ikiwa moto, huku umetega sikio. Hiyo ya pole pole sikuwa nayo. Niliikaza kama nati ya gurudumu. Nikasikia tik. Kasauti kadogo, kama karanga imevunjika. Kumbe mwisho wa ile skurubu ni sindano. Ncha ikabaki ndani, kichwa nikabaki nacho mkononi. Fundi alipoona hakusema neno. Alivua kofia. Watu nimewaona wakivua kofia hivyo, lakini huwa kuna jeneza.

Haya, tafuta spea. Busia mjini nikaingia duka la kwanza. Kijana wa kaunta akanisikiliza vizuri, akageukia mwenzake: "Kabureta ni nini?" Duka la pili wakaniuliza chasisi namba. La tatu wakaniuliza kama niko sawa. Na si makosa yao. Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, na magari ya siku hizi yote ni injeksheni, basi kabureta haiji tena na meli kutoka Japani. Nairobi ziko, Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan. Lakini nauli ya kwenda na kurudi, wewe nunua tu kuku ufuge.

"Vuka," fundi akasema. Uganda walikuwa wakipokea magari makuukuu mpaka 2018, ndipo wakaweka kikomo cha miaka 15. Makaburi ya DX yako upande ule.

Nikapanda boda. Na wewe unajua hii kitu ilizaliwa hapa hapa kwetu, miaka ya 1960, vijana wakibeba watu kwa baiskeli kutoka boda ya huku mpaka boda ya huko. Sasa mimi, mwenye gari, niko nyuma ya pikipiki natafuta skurubu. Kijana akaniuliza, "Mzee, si uko na gari?" Nikamwambia iko sevisi.

Ng'ambo nikakuta mama mmoja na beseni limejaa kabureta, kama mtu anauza omena. Nikamwomba skurubu tu. Akakataa. Ng'ombe hauziwi mkia. "Ssebo, elfu themanini." Nikakaa chini. "Za Uganda," akasema, akinihurumia. Nikahesabu kwa vidole: haifiki elfu tatu zetu! Nikalipa mbio kabla hajabadilisha mawazo. Sikubembeleza hata kidogo. Nikageuka, nikasikia beseni zima linacheka.

Fundi akaifungua. "Mzee, hii ni ya LiteAce." Injini ya 5K, cc 1,486. Yangu ni 1,290. Itaingia? Itaingia tu. Ikaingia, na fundi akachukua elfu moja mia mbili, si mia nane tena. Kikohozi kikaisha. Ikaanza ulevi. Petroli inabugia, moshi mweusi, nyuma yangu hakuna mtu anaanika nguo.

Jumamosi tulikuwa na mazishi Malaba. Mama watoto mbele, mama mkwe nyuma na kitambaa chake cheupe kichwani. Alupe, sawa. Adungosi, sawa. Nikaanza kupiga mluzi. Malaba tukakuta foleni ya malori, unaijua ile, mkia wake huoni. Ikazima hapo hapo. Floti imekwama, petroli inafurika, injini imekunywa imelala. Na dereva wa lori aliye kwenye foleni siku ya pili hana kazi nyingine ila kukushauri. Mmoja piga choki. Mwingine usiguse choki. Mkongomani mmoja akatoka chini ya trela na mswaki mdomoni: "Papa, iko na uchafu ndani."

Ikabidi isukumwe. Mama mkwe akashuka.

Jirani, kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Ukimwona njiani unapita kwenye mahindi. Leo amejifunga leso kiunoni, amewekea DX bega, anasukuma, na mimi nimeketi kwenye usukani kama gavana. Malori yote yanapiga honi. "Papa, mama anasukuma muzuri!" Nikaachilia klachi. Pah! Ikawaka, ikatoa moshi wote wa wiki nzima. Nikaangalia kwa kioo. Kile kitambaa cheupe hakikuwa cheupe tena. Kule mazishini watu walimpa pole yeye kwanza, kabla ya wafiwa.

Alirudi kwa boda. Mia tatu, nililipa mimi.

Basi kama huko kwenu kuna DX imelala nyuma ya choo, kuku wanataga ndani, niambie. Sitaki gari. Nataka kabureta ya Aisan, ya 4K, na skurubu yake iwe nzima. Nitakuja na fundi. Bisibisi mama watoto ameificha.