Sifa za Vifuko Viwili Vilivyo Chini ya Mkia

Pwani yetu inaijua zabadi tangu zamani. Ni uto mzito, wenye harufu inayopasua kichwa ukiwa mbichi, unaokwanguliwa kwenye tezi zilizo jirani na njia ya haja ya fungo. Wahabeshi waliujaza katika pembe za ng'ombe na kuuza nchi za mbali, mafundi wa manukato wa Ufaransa wakaununua bila kubana pua, na kina mama wa mwambao wakautia katika mafuta yao ya kujipaka. Lakini mbwa, ambaye naye amejaliwa vifuko viwili karibu na mahali palepale, akidondosha tone moja tu kwenye zulia, nyumba nzima inahamia barazani. Huo ni upendeleo wa wazi. Fungo ana watu wa kumtetea, na mbwa leo atatetewa na mimi.

Niwatambulishe kwanza waheshimiwa wenyewe. Ukiichukulia njia ya haja kubwa ya mbwa kuwa uso wa saa ya ukutani, mmoja amekaa penye tarakimu ya 4 na mwenzake penye 8. Kwa mbwa mdogo hawazidi sana ukubwa wa kunde. Kila mmoja ana mfereji mwembamba unaotokea pembeni mwa tundu, na humo ndani hukusanyika uto wa rangi ya kahawia. Kinyesi kigumu kikipita, misuli hubana, vifuko hukamuliwa kidogo, tone hutoka, na kazi imekwisha. Hakuna tangazo wala malipo ya ziada. Tone hilo ndilo kitambulisho cha mbwa. Ndiyo maana mbwa wawili wakikutana njiani, iwe Sinza au Kileleshwa, hawaulizani kabila wala cheo: wananusana nyuma, wanaridhika, kila mtu anashika zake. Laiti ofisi zetu za vitambulisho zingekuwa na kasi hiyo.

Porini zana za namna hii zina heshima kubwa. Fisi hupaka uto wake kwenye mabua ya nyasi kuwaambia jirani wapi mpaka ulipo. Nyegere akikabwa huupindua mfuko wake nje, na anayemkaba hujuta. Kicheche naye, ambaye hafiki hata ukubwa wa paka, humrudisha nyuma mnyama anayemzidi mara kadhaa. Mbwa wa nyumbani amebaki na sehemu ndogo tu ya urithi huo, na anautumia kwa adabu, isipokuwa akishtuka.

Ila sifa kubwa ya vifuko hivi ni kwamba havipokei hongo. Mwenye mbwa anaweza kumwambia daktari wa mifugo, "Anakula vizuri tu, daktari," huku akitazama pembeni. Vifuko vimeshaandika ripoti. Mbwa aliyelelewa kwa ugali wa sembe, makombo ya mchuzi, maandazi ya watoto na ngozi ya kuku wa kukaanga, mara nyingi atatoa haja laini. Haja laini hupita bila kusukuma chochote. Vifuko havikamuliwi, uto unakaa, unazidi kuwa mzito, mfereji unaziba. Ndipo mbwa anapoketi chini, ananyanyua miguu ya nyuma, na kujivuta kwa ile ya mbele kutoka mlangoni hadi chini ya meza ya kahawa. Na ana kawaida ya kuchagua siku ambayo wakwe wamekuja. Hukumu inasomwa mbele ya mashahidi.

Hapo mkwe mmoja atasema, kwa sauti ya mtu aliyefuga, "Huyu ana minyoo." Si uongo mtupu, kwani vipande vya tegu vinaweza kumwasha mbwa mahali hapo. Lakini dawa ya minyoo imemezeshwa mbwa wengi ambao shida yao ilikuwa vifuko vilivyojaa. Dalili nyingine zipo kwa mwenye macho na pua: mbwa anajilamba chini ya mkia bila kuchoka, anageuka ghafla kuung'ata mkia kama ameitwa, anasita kukaa, na ananuka samaki wakati nyumbani hakujapikwa samaki.

Tazama sasa ualimu wa vifuko hivi. Mtu ambaye hajawahi kusoma neno juu ya lishe yake mwenyewe ataanza kuuliza habari za nyuzinyuzi kwa ajili ya mbwa. Ataacha sembe na kuhamia dona, maana unga usiokobolewa una makapi yanayokipa kinyesi mwili. Atachemsha boga, kijiko cha chai kwa mbwa mdogo na zaidi kwa mkubwa, la maji matupu, bila nazi wala sukari. Futari si yake. Atajifunza kukwangua karoti, kuongeza pumba kidogo za ngano, au kununua isabgol duka la dawa. Akiwa na pupa atamimina yote siku moja, na mbwa atamjibu kwa gesi na kuhara, maana nyuzinyuzi huongezwa kidogo kidogo, na maji yawepo bakulini muda wote. Mchuzi wenye kitunguu atauacha kabisa, kwani kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Ni kampeni gani ya afya imewahi kubadilisha jiko haraka namna hii?

Vifuko havina unyenyekevu kwa tajiri pia. Wagonjwa wao wakubwa ni mbwa wadogo wa kifahari, Chihuahua na wenzake, walionunuliwa kwa bei ya ndama na kubebwa mkobani. Mbwa koko wa sokoni hapelekwi kwa daktari, kwa hiyo sitaapa kwamba haugui; ila sijamwona akiburuza makalio kwenye zulia la mtu. Mbwa mnene naye hukamatwa upesi, kwani mafuta yanayozunguka vifuko huvizuia kukamuliwa sawasawa. Dawa yake ni kutembezwa na kupunguziwa sahani, jambo ambalo humtoa mwenye mbwa kwenye kochi. Na kama tatizo linarudi kila mara huku mbwa akijikuna masikio na kulamba nyayo, vifuko vinaelekeza kidole kwingine: huenda ana mzio, labda wa kuku au ng'ombe anayemla kila siku. Daktari anaweza kumweka kwenye chakula cha aina moja kwa wiki 8 hivi, bila hata kipande cha mkate kinachopitishwa chini ya meza. Bibi wa nyumbani ndiye huvunja sharti hilo kwanza. Nimemwona.

Vifuko hivi vina heshima yao vilevile, na havipendi kushikwashikwa. Wapo waoshaji wa mbwa wanaovikamua kila mwezi kama sehemu ya huduma, mbwa aumwe asiumwe. Kifuko kisicho na shida kiachwe, kwani kubanwa ovyo humchubua mbwa na kuleta uvimbe ambao haukuwapo. Kikijaa, akikamue daktari mwenye glavu na subira. Ukitaka kujifunza, mwombe akuonyeshe, usijifundishe kwa kukisia.

Hapa mzaha unanikauka kidogo. Uto uliokwama huingiwa na vijidudu, kifuko huvimba, huwa chekundu na moto, na mwisho hupasuka na kutoa usaha na damu kando ya tundu. Huyo anahitaji kuoshwa kidonda, dawa za maumivu na mara nyingi antibayotiki, siku hiyo hiyo. Uvimbe mgumu unaokua taratibu kwa mbwa mzee, hasa akianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, unaweza kuwa saratani, na saratani ya hapo husambaa mapema. Upasuaji wa kuviondoa vifuko upo, lakini neva zinazozuia haja zimepita jirani, kwa hiyo kwa kifuko kinachoziba tu hauwi chaguo la kwanza. Na wengi huchelewa kwa sababu ya aibu: mtu mzima anaona vibaya kumpigia daktari simu kuelezea sehemu ya nyuma ya mbwa. Mficha uchi hazai, na daktari wa mifugo ameshaona mengi kuliko hayo kabla ya chai ya asubuhi.

Basi mbwa wako akijiburuza leo jioni mbele ya wageni, usimpige na usimfukuze. Funua mkia utazame, nenda ukatazame bakuli lake pia, na kesho mpeleke kwa daktari.