Tangi Tupu na Daftari Lililojaa

Miongoni mwa fedheha ambazo usafiri wa kukodi humletea mtu mzima mwenye heshima zake, hakuna ichomayo kama ile ya kushushwa katikati ya safari, akasimama kando ya njia na nguo zake za harusi, mzigo kichwani, huku dereva akiilaza pikipiki kwa ubavu mbele ya watoto wanaotoka shule. Katika Lobule, wilayani Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 kaskazini-magharibi mwa Uganda, jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba dereva wa bodaboda, yaani pikipiki ya kubeba abiria, haoni haja ya kulifafanua. Husema tu, “Mama, shuka kidogo,” na mama hushuka. Abiria humlaumu dereva kwa uzembe, na lawama hiyo ina haki ya kutolewa, ila imepelekwa kwa asiyestahili.

Anayetaka kujua kwa nini pikipiki hulazwa sharti kwanza alijue tangi lake, ambalo ni chombo chenye werevu kuliko kinavyodhaniwa. Tangi la pikipiki nyingi za kazi hukaa juu ya chuma cha fremu kama tandiko juu ya mgongo wa punda, kwa hiyo sehemu yake ya chini imegawanyika vyumba viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, ambavyo hukutana kwa juu peke yake. Koki, ambayo ndiyo mlango wa mafuta kuelekea kwenye kabureta, iko upande mmoja tu, na ndani yake mna mrija uliosimama wima. Petroli inaposhuka chini ya ncha ya mrija huo, injini huanza kukohoa, naye dereva hupeleka mkono chini bila kusimama na kuigeuza koki iingie kwenye rizavu, yaani akiba, inayovuta mafuta kupitia tundu la chini zaidi. Aliyebuni mpango huu alimfikiria mtu anayejaza tangi, ambaye kwake rizavu ni onyo. Dereva wa Lobule huianza siku kwenye rizavu na kuimaliza papo hapo. Akiba nayo inapokwisha, hubaki petroli kiasi cha kikombe katika chumba kisicho na koki, imekwama nyuma ya ukuta wa chuma, na dawa yake ni moja: kuilaza pikipiki upande wa koki ili mafuta yavuke. Dereva huilaza kwa utulivu wa mkunga, hutega sikio mpaka mchirizo ukome, huinua, hupiga kiki, na injini huitika kwa muda unaotosha kufika kwa muuza chupa.

Chupa hizo ni za maji ya kunywa, zimejazwa petroli na kupangwa juu ya kibao barabarani, nayo ni biashara yenye ukoo mrefu katika eneo hili la West Nile. Mjini Arua vijana walioitwa Opec Boys waliuza kwa miaka mingi petroli ya magendo kutoka Kongo, katika madumu kando ya barabara, wakijivika kwa dhihaka jina la jumuiya ya mataifa yanayouza mafuta duniani. Katika kibao cha Lobule dereva hununua nusu lita, mara nyingi kwa sehemu ya nauli aliyoiomba kabla ya kuondoka, hivi kwamba abiria huwa mfadhili wa safari kabla hajawa msafiri.

Tangi halijai kwa sababu fedha ya kulijaza imo mifukoni mwa abiria. Kinachowapendeza madereva katika kazi yao ni fedha ya kila siku, tofauti na mkulima wa tumbaku anayesubiri msimu, pamoja na kule kujulikana kwa jina na namba ya simu. Jijini Kampala, ambako kampuni ya usafiri ya SafeBoda ilianza mwaka 2014 na Uber ikafika mwaka 2016, programu ya simu humtajia abiria nauli kabla ya safari, na dereva hulalamikia kamisheni anayokatwa na mtu asiyemwona. Lobule programu ni kubipu, yaani kupiga simu na kuikata kabla haijapokelewa, ili gharama ya kuzungumza imwangukie anayetafutwa. Kwa dereva, mlio huo mmoja ni kazi. Kwa bahati mbaya, anayebipu humjua dereva vizuri mno, ni shemeji, jirani au mwanakwaya mwenzake, na anayejulikana hulipa kesho. Kamisheni ya mjini humega nauli; undugu huimeza yote, kisha huagiza safari nyingine.

Maudhi mengine ni madogo: mbuzi anayemkojolea dereva mgongoni, godoro linalogeuka tanga upepo unapovuma, na mishikaki, yaani abiria wawili au watatu juu ya kiti kimoja, ambao hudai nauli ya mmoja kwa kuwa pikipiki ni moja.

Linalouma kweli ni la usiku. Katika Lobule, ambako tangu mwaka 2013 wenyeji wanaishi pamoja na wakimbizi waliotoka Kongo, mama anaposhikwa na uchungu saa nane na gari la wagonjwa lisionekane, anayegongewa mlango ni dereva wa bodaboda, kwa ahadi kwamba atalipwa mgonjwa akipona. Akipona, dereva hulipwa shukrani na dua. Asipopona, deni limekufa naye, kwa kuwa hakuna dereva mwenye moyo wa kuingia msibani na daftari la madeni. Asubuhi dereva huyo huyo akimwambia abiria, “Nipe ya mafuta kwanza,” huambiwa kwamba vijana wa siku hizi hawana utu.